Chupa gani kwa kipimo gani: somo kwa tunaochukua damu Bukavu

Swali hili linaulizwa kila mara kwenye kundi letu, basi naliandika hapa nisirudie tena. Rangi ni ya kifuniko cha chupa.

Zambarau ina EDTA, dawa ya kuzuia damu kuganda: hesabu ya chembe za damu na HbA1c (wastani wa sukari ya miezi iliyopita).
Kijani ina heparini: kemia ya haraka. Msiipeleke kwa PCR (kipimo cha vinasaba), heparini huizuia.
Kijivu ina floridi: sukari, hasa damu inayotoka mbali kama Walungu.
Nyekundu haina dawa ya kuzuia kuganda: ni ya seramu.

Buluu ina sitrati, ya kupima kuganda kwa damu, na ndiyo inayotuharibia majibu. Uwiano ni damu sehemu 9 kwa sitrati sehemu 1. Ukiijaza nusu, sitrati inayozidi hushika hata kalsiamu tunayoongeza labo ili damu igande: TP (asilimia ya uwezo wa kuganda) inashuka, INR (kipimo cha kuchelewa kuganda) inapanda, na mgonjwa asiye na shida ya kuganda anaahirishiwa upasuaji. Jazeni hadi mstari. Mkitumia sindano ya kipepeo, hewa ya mpira wake hula nafasi ya damu, kwa hiyo tangulizeni chupa ya kutupa. Pindueni polepole mara 3 au 4, msitikise. Isipofika mstari, chukueni upya.

Swali: Buluu haikujaa. Nimimine damu ya zambarau ndani yake?
Jibu: Hapana. Soma juu.

Swali: Nilijaza nusu tu, mtoto alikuwa analia. Labo si ingepima tu?
Jibu: Tungempa daktari namba ya uongo. Kwa watoto kuna buluu ndogo, ziombe.

Swali: Yaya, potasiamu imetoka 8, juu sana, kalsiamu iko chini sana, lakini mgonjwa anatembea na kucheka. Inawezekanaje?
Jibu: Umefanya vizuri kumwangalia mgonjwa kwanza. EDTA yetu ni chumvi ya potasiamu, tena hushika kalsiamu. Tone likiingia chupa nyingine, zote mbili zinaharibika pamoja. Chukua upya kwa kufuata mpangilio: buluu, nyekundu, kijani, zambarau, kijivu.

Swali: Na chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) 30,000 tu, bila mgonjwa kutokwa damu?
Jibu: Tazama tone la damu kwenye kioo kwa darubini. Kwa watu wengine EDTA huzifanya zishikane, mashine isizihesabu. Rudia kwa buluu, zidisha jibu kwa 1.1 kufidia sitrati iliyozimua damu.

Mwanachama: Tuangalie tarehe pia. Chupa iliyopitwa na muda hupoteza mvuto, damu haifiki mstari.
Jibu: Kweli kabisa. Angalieni kabla ya kufunga mkono wa mgonjwa.