Kuandika memoranda ya Bunge pale sababu yako ni ya dini

Kenya haina dini ya taifa. Kifungu cha 8 cha Katiba ya 2010 kimelimaliza hilo kwa sentensi moja. Hata hivyo muumini hakukatazwa kutoa maoni kama muumini, na Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi. Maoni ya mswada yakiandikwa na kupelekwa Bungeni ndiyo memoranda. Tuseme mswada unalegeza masharti ya matangazo ya kamari, nawe unaupinga kwa kuwa kamari ni haramu.

Kabla ya kushika kalamu, jipime. Yaondoe madhara yote kichwani: mchezaji ni mtu mzima, pesa ni zake, hana deni, watoto wameshiba. Bado unapinga? Basi una sababu mbili, ya madhara na ya dini, na usizichanganye.

Ukurasa wa kwanza uwe wa madhara. Taja namba ya kipengele cha mswada, maneno ya kufutwa, maneno ya kuwekwa badala yake, kisha sababu: watoto (Kifungu cha 53), haki za mlaji (46). Omba kizuizi chepesi kinachotosha, kwa mfano saa za kurusha matangazo, badala ya marufuku. Kesi ikifika mahakamani, Kifungu cha 24 kitamfanya jaji aulize kama hapakuwa na njia isiyobana haki kiasi hicho. Aya ya 90 ya sura ya Al-Maida, ile ya Kurani inayokataza kamari, haitakuokoa hapo.

Aya hiyo mahali pake ni ukurasa wa pili, waziwazi, kwa mistari michache. Wengi huificha wakajaza takwimu. Takwimu zikipinduliwa, msimamo haubadiliki, na kamati inang'amua kwamba walikuwa wanazuga. Hata mwanafalsafa wa Marekani John Rawls, aliyeshikilia hoja za kiraia, yaani zile zisizotegemea dini, aliruhusu hoja ya dini itangulie mradi ya kiraia ifuate.

Sasa mgeuzie mpinzani kipimo kilekile cha kuondoa madhara na takwimu. "Mtu mzima ajiamulie" nayo haina takwimu ya kuithibitisha. Mwombe aieleze kama imani yake kuhusu binadamu. Hapo ndipo hoja za kiraia hufika ukingoni. Ndivyo ilivyo hata kwenye mjadala wa utoaji mimba: hadubini huonyesha seli zikigawanyika, haisemi lini ziitwe mtu; Kifungu cha 26 kinachosema uhai huanza mimba inapotungwa hakikutoka kwenye hadubini, kilipitishwa pamoja na Katiba nzima kwa kura ya maoni, tarehe 4 Agosti 2010.

Tia memoranda saini na tarehe, uiwasilishe kwa Karani wa Bunge kabla ya siku iliyotajwa kwenye tangazo. Isiyo na namba ya kipengele huishia kusomwa kama malalamiko.