Ukienda fildi, usiikimbilie mashine ya kupimia

Wadogo zangu mnaosoma uhandisi wa magari pale NIT Mabibo, au umakanika DIT na UDSM, hili ni la fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Siku ya kwanza gereji utakuta kila mwanafunzi anagombania mashine ya kupimia hitilafu za gari. Iache kwanza. Mashine inasoma kodi (namba ya hitilafu inayotolewa na kompyuta ya gari), haikwambii kifaa gani kimekufa.

Chukua kodi P0171. Maana yake mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta, benki ya kwanza ya injini, yaani upande wenye silinda namba moja. Mafundi wengi wakiiona wanamtuma mteja Kariakoo akanunue sensa ya oksijeni, wakati sensa hiyo ndiyo iliyotoa taarifa! Ni kumfukuza mlinzi kwa kuwa amepiga filimbi. Anza na mipira ya hewa inayoingia kwenye manifoldi (bomba linaloigawia hewa kila silinda). Joto la injini huikausha hadi ipasuke, na foleni zetu za Dar haziisaidii. Injini ikiunguruma gari limesimama, tega sikio kama kuna mluzi. Hakuna? Safisha sensa ya kupima hewa kwa dawa yake maalumu (si petroli, tafadhali), kisha pima presha ya mafuta.

Halafu uwe na daftari dogo: kodi, ulichodhani, kilichokutwa kweli. Langu lilijaa grisi hadi jalada, lakini siku ya kuhojiwa ripoti ya fildi ndilo lililonijibia maswali. Wenzangu walikuwa na picha za kwenye simu tu.