Somo: Safari ya Mabamba, Uganda, kumwona korongo-nyangumi

Wengi mmeniuliza habari za korongo-nyangumi, yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye domo pana kama kiatu, ambaye Waganda humwita bbulwe. Nitaeleza safari ya Mabamba, kinamasi cha Ziwa Viktoria upande wa magharibi wa Entebbe, kwa mtu anayetoka Kenya au Tanzania kwa basi na mfuko wa kawaida. Nianze na lililo kubwa kuliko yote: uwe majini kabla jua halijapata makali. Anayelala Kampala, akanywa chai kwa raha zake, akapambana na foleni na kufika saa nne, atalipia mtumbwi uleule halafu arudi na picha za mafunjo.

Hatua ya 1: Karatasi. Mkenya huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania achukue pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria. Viza hakuna kwa wote wawili. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano msiidharau. Chanjeni mapema, maana cheti huanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano. Ukishachanjwa, kinakutosha maisha yako yote.

Hatua ya 2: Darubini. Chukua 8x42. Hiyo 8 ni ukuzaji, na 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Watu hukimbilia 10x kwa kudhani kubwa ndiyo bora, lakini kwenye mtumbwi unaoyumba, 10x hukuza hata mtetemeko wa mkono wako. Na jifunze kuitumia nyumbani, kwa shorewanda wa uani. Walio Nairobi wana bahati: Nature Kenya, shirika la uhifadhi, hutembea na watu kuangalia ndege Jumatano asubuhi kuanzia Makumbusho ya Taifa, na huko mtu hupata mazoezi pamoja na wa kumuuliza.

Hatua ya 3: Njia. Kutoka Nairobi, basi la usiku hupitia Busia au Malaba na kukuingiza Kampala asubuhi; unganisha hadi Entebbe siku hiyohiyo ukapumzike. Watu wa Bukoba msifike Kampala kabisa. Mkishavuka Mutukula, basi linapita Masaka, kisha alama ya ikweta pale Kayabwe, halafu Mpigi. Teremkeni Mpigi, mchukue gari au bodaboda kwenda Kasanje, na kutoka hapo hadi kwenye gati la Mabamba. Barabara ya huko ni ya vumbi, na mvua ikinyesha huwa ya utelezi, kwa hiyo Juni hadi Agosti au Desemba hadi Februari ndiyo miezi ya kufika bila tope magotini. Ndege mwenyewe yupo mwaka mzima.

Hatua ya 4: Malazi na mtumbwi. Lala upande wa Kasanje kama unataka kuwahi kwa gharama ndogo. Ukilala Entebbe, kuna boti zinazovuka ziwa moja kwa moja hadi kinamasini. Ni safari nzuri ila ni ghali zaidi, na ziwa likichafuka mchana utalowa. Mtumbwi hukodiwa mzima, si kwa kichwa, kwa hiyo tafuteni wenzenu watatu mgawane. Jioni ya kuamkia safari, mpigie simu mwenye mtumbwi umuulize mambo haya: bei ina mwongozaji ndani yake? Ina ada ya kuingia? Mafuta? Jaketi okozi zipo za kutosha? Jibu la «zipo tu» halitoshi. Mwambie azihesabu.

Hatua ya 5: Kinamasini. Hapa ndipo penyewe. Injini huzimwa mapema, na mwongozaji husukuma mtumbwi kwa upondo kwenye vijia vya maji kati ya mafunjo na yungiyungi. Usimtafute ndege kwenye mafunjo marefu. Tazama penye majani mafupi yanayoelea, ukitafuta kitu cha kijivu kisichotikisika. Ana urefu wa mita moja na robo hivi, na anaweza kusimama kimya muda mrefu hadi ukadhani ni gogo. Anamvizia kamongo. Samaki huyu ana mapafu, na hapana budi apande juu kuvuta hewa; akipanda tu, ndege anajitupa mzima mzima, kichwa mbele, mabawa yamefunguka, maji yanaruka. Kisha hujiinua domo limejaa majani. Hana haraka. Hutikisa kichwa, majani yanadondoka upande huu na huu, samaki anabaki, na zile kingo kali za domo humkata kichwa kabla hajamezwa.

Wavuvi wa hapo zamani walimhesabu kuwa nuksi: ukikutana naye asubuhi, nyavu zinarudi tupu. Wengine walimuua kwa sababu hiyo. Leo baadhi ya wavuvi hao ndio waongozaji, na tangu 2006 Mabamba ni eneo la Ramsar, yaani ardhi oevu inayotambuliwa kimataifa. Kwa hiyo nawaomba, msimshurutishe mwongozaji asogee «kidogo tu» kwa ahadi ya bakshishi. Dunia nzima ndege hawa wanakadiriwa kuwa kati ya 5,000 na 8,000, na anayerushwa kila nusu saa hashibi. Akianza kunyoosha shingo na kuwatazama, tosheni.

Hatua ya 6: Mchana, Entebbe. Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa 1898, ina mbega, hondohondo na yule shorobo mkubwa wa buluu. Inua macho pia kwa kasuku wa kijivu, wale wa porini.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Kigoma: Mkuu, mbona sisi tunaye Malagarasi? Kwa nini tuvuke mpaka?
Jibu: Kweli kabisa, Malagarasi-Muyovosi wapo, na ni kwetu. Ila kinamasi kile ni kikubwa mno na kukiingia ni kazi ya gari imara, siku nyingi na fedha nyingi. Mabamba unafika kwa bodaboda. Ukipata msafara wa Malagarasi, nenda, kisha utuandikie.

Mwanachama wa Kisumu: Shikamoo mwalimu. Naweza kuja na mtoto wa miaka minane?
Jibu: Marahaba mama. Njoo naye, mradi upate jaketi linalomkaa. La mtu mzima litamvuka kichwani akianguka. Asitumbukize miguu majini, kuna kichocho. Mpe darubini yake hata ikiwa ndogo, la sivyo utanyang'anywa yako.

Mwanachama wa Dodoma: Sina kamera, nina simu tu. Itafaa?
Jibu: Weka lenzi ya simu kwenye jicho la darubini na mwenzako ashike darubini. Piga video, kisha chagua picha humo. Ndege hasogei, wewe ndiye unayeyumba.

Mwanachama wa Nakuru: Nisipomwona, pesa inarudishwa?
Jibu: Hairudishwi, kaka. Ndiyo maana nasema panga asubuhi mbili badala ya moja, na hoteli iwe ya kawaida. Ukienda kati ya Mei na Agosti, muulize mwongozaji pia habari za mbayuwayu wa buluu, anayekuja kutoka kusini mwa Afrika. Huruka chini chini juu ya majani, na wengi humpita wakiwa bado wanamtafuta korongo.