Kabla hujapanda ndege kwenda kutafuta maisha, soma hii kwanza

Paspoti iwe imebaki na miezi sita kwenda mbele, hiyo najua unajua. Kopi ya viza na mkataba weka kwenye simu, nyingine mwachie mtu nyumbani. Dawa za maumivu usibebe kienyeji, Falme za Kiarabu tramadoli na kodeini zinadhibitiwa, kibali unaomba mtandaoni kabla ya safari, ukitua nazo hivi hivi utajieleza kwa polisi.

Haya, tiketi. Jua nani kailipia na namba yake uwe nayo. Binti wa shangazi yangu alikuwa anaenda kazi za ndani Uarabuni, ajenti kakata tiketi kwa keshi jana yake, yeye hata jina kamili la huyo mama halijui, wanamwita "madam" tu. Kufika pa kuunganisha ndege akavutwa pembeni: tiketi ya haraka haraka, binti peke yake, kibegi kidogo, akiulizwa anafikia wapi anasema nitapokelewa, kwa wakaguzi wa uwanjani huyo ni punda kabisa, yaani mbeba unga, dawa za kulevya, tumboni. Akapigwa eksirei, akakalishwa mpaka aende haja askari wa kike kasimama pale pale, kete ya unga hata moja hamna, ila ndege ishaondoka na yeye karudishwa Dar. Madam anataka hela yake. Akamvusha usiku njia za panya upande wa Tarakea, mpakani na Kenya, eti atatokea Nairobi, na huko ndo akaambiwa deni litafutika akipeleka kimzigo kidogo. Alikataa, shangazi akauza kiwanja kulipa. Yaani ukaguzi wa kuzuia unga umemtoa mtu kwenye njia halali ukampeleka kwa wenye unga wenyewe, na viza zinavyozidi kubana ndo hao maajenti wanapata wateja.

Mzigo wa mtu usibebe, hata dagaa. Mwaka 2013 Watanzania waliofungwa Hong Kong waliandika barua wakiomba wenzao wasibebe unga, padri John Wotherspoon aliyekuwa anahudumia wafungwa kule akazisambaza. China bara ndo usiseme, heroini gramu 50 tu hukumu inaweza kufika kifo.

Begi panga mwenyewe, funga kufuli. Anwani ya bosi iandike kwenye karatasi maana simu huzima chaji. Usimshikie mtu begi kwenye foleni hata awe mama mjamzito, usitanie kaunta, na anayekuharakisha sana usaini bila kusoma mwangalie mara mbili.