Ujuzi wa wodini usiishie kwenye simu

Jamani, hii nawaandikia wenzangu wa vituo vya afya vya Pemba, hasa nyie mnaoshika zamu wawili watatu tu. Grupu la wasap zuri, lakini si kabati. Utaweka kitu Jumatatu, kufika Alhamisi kishafukiwa na dua, salamu na picha za harusi, sasa saa nane usiku mzazi anavuja damu utakitafuta wapi?

Nunueni daftari gumu, karatasi za kubandika ukutani zinapeperuka, mpeni mtu mmoja alitunze. Mie nasema asiwe bosi, mbele ya bosi watu wanaficha. Kila anaerudi semina aandike nusu ukurasa, nini kipya, kimetoka wapi, tarehe gani. Tarehe msiidharau, miongozo inabadilika, mtu asije akatoa dozi ya zamani akidhani ndio ya leo.

Ila kuandika peke yake hakutoshi, lazima mikono ifanye. Chukua utafiti wa E-MOTIVE, wa kuvuja damu baada ya kujifungua, uliotoka 2023, Tanzania nayo ilikuwemo: damu ya mzazi inapimwa kwa mfuko wenye alama badala ya kukisia kwa macho, ikizidi anapewa matibabu yote kwa mpigo, kumkanda tumbo, oksitosini (dawa ya kukaza mji wa uzazi), asidi ya traneksamiki (dawa ya kuzuia damu isivuje), dripu na kumchunguza. Kesi mbaya za kuvuja damu zilipungua kama asilimia 60! Sasa ukiwasomea wenzako haya watasinzia. Wewe pika choya, nyekundu kama damu, mwaga nusu lita kwenye kanga kuukuu, kila mtu akisie ni kiasi gani, wengi watataja kidogo kuliko ilivyo, hapo hapo ndio uwaambie mililita 500 ni damu ya kutisha. Dakika kumi wakati wa kukabidhiana zamu zinatosha, na kanga ifuliwe na aliemwaga, hehe.

Makosa pia yaandikwe, bila jina la mtu. Kituo kimoja nilichopitia aliyesema kakosea alifokewa mbele ya wagonjwa, tokea siku ile hakuna aliyefungua mdomo na kosa lile lile likarudi.

Kwenye grupu msitume sura ya mgonjwa wala namba ya faili, Pemba hii kila mtu ana ndugu kila shehia, atajulikana tu.

Mtu akihamishwa, kabla hajaondoka akae na daftari siku moja na anaebaki. Ukurasa uliopitwa na wakati upigwe mstari mwekundu, usichanwe, kuna siku mgeni atauliza mbona zamani mlikuwa mnafanya vile.