Pengo au fumbo? Namna ya kukagua hadithi ya gemu kabla hujailaumu

Katika ngano, hakuna msikilizaji anayeuliza zimwi lilizaliwa wapi. Lipo, linakula watu, hadithi iendelee. Lakini jana lilinusa harufu ya mtu kutoka ng'ambo ya mto, na leo linapita kando ya pipa alimojificha msichana bila kushtuka. Hapo hata mtoto wa miaka sita atamkatiza bibi. Fumbo ni jambo ambalo hadithi haikulieleza. Pengo ni jambo ambalo hadithi ililieleza yenyewe, kisha ikalisahau au ikalikana.

Wachambuzi wengi wa gemu za mapigano na safari hutupa vyote viwili kwenye kapu moja na kuandika "mapengo 20 ya gemu fulani", na ukiyapitia unakuta 15 ni mafumbo tu. Maelezo haya ni ya anayetaka kuchambua kwa haki, na pia ya anayeandika hadithi ya gemu yake mwenyewe. Miisho ya God of War, Shadow of the Colossus na The Legend of Zelda: Tears of the Kingdom inafichuliwa humu, kama hujazimaliza, utaamua mwenyewe.

Daftari kwanza

Washa maandishi ya chini ya skrini, kwa sababu sikio hupoteza majina. Weka hifadhi mbili za mchezo (save) tangu mwanzo. Sababu utaiona mbele. Kisha chora safu nne: kilichosemwa, nani kasema, wapi, na hatima yake.

Safu ya pili ndiyo inayorukwa sana, na ndiyo inayokuokoa na aibu. Katika God of War Ragnarök (2022), yule mungu Tyr anayetembea na shujaa Kratos na wenzake sehemu kubwa ya mchezo si Tyr. Ni Odin, adui wao mkuu, aliyejibadilisha sura. Neno lolote lake linalogongana na ukweli wa baadaye si pengo, ni uongo wa mhusika, na waandishi wameupanda makusudi. Bila kuandika nani alisema, utaulaumu uongo wa Odin kana kwamba ni usahaulifu wa studio.

Katika saa mbili za kwanza andika kanuni tu: nini hakiwezekani, nani hafi, nguvu hii ina gharama gani, mlango ule unafunguliwa na nini. Mistari 10 hadi 20 inatosha. Ukifika 60, ujue unanakili mazungumzo, na mwishoni utashindwa kuona kipi kilikuwa ahadi na kipi kilikuwa porojo za njiani.

Hesabu kanuni, usihesabu maswali

Shadow of the Colossus (2005) ni shule nzuri ya kuanzia kwa sababu karibu haielezi kitu. Wander anafika nchi iliyokatazwa akiwa na maiti ya msichana, Mono, na upanga wa kuiba. Sauti iitwayo Dormin inamwambia aangushe majitu 16 ili msichana apate kufufuka. Hatuambiwi majitu yaliumbwaje wala kwa nini yako 16. Kuhusu Mono tunasikia tu kwamba alitolewa kafara kwa kuwa na majaaliwa ya laana, basi. Ukihesabu maswali yasiyo na majibu, gemu hii imetoboka kama chujio.

Sasa hesabu kanuni. Upanga ukiinuliwa juani hukusanya mwanga na kuonyesha jitu liliko. Kivulini hauonyeshi kitu, na inabaki hivyo mwanzo hadi mwisho. Jitu likianguka, nyuzi nyeusi humwingia Wander, huzimia, huamka hekaluni, na sanamu moja hubomoka. Mtazame amelala: vivuli vya watu vinavyomsimamia huongezeka kimoja kimoja kadiri majitu yanavyopungua. Ngozi inapauka, nywele zinageuka nyeusi, na mwishoni anaota pembe. Hakuna hata mstari mmoja wa daftari uliovunjwa. Anayelalamika kwamba hakuelezwa amepata alichoandaliwa: kisasili kinachofanya kazi bila kujieleza.

Farasi wake, Agro, anatumbukia korongoni daraja linapokatika kabla ya jitu la 16, kisha anarudi mwishoni akichechemea. Wengi huita hilo pengo. Mimi nasema ni sadfa: gemu haikusema popote kwamba farasi hawezi kunusurika, na walau imelipa bei ya mguu mmoja. Sadfa ni udhaifu wa msuko, andika hivyo, lakini usiipandishe cheo.

Deni lenye tarehe

Kuna mafumbo ambayo gemu yenyewe imekopa mbele ya macho yako. Haya yaandike kama mwenye duka anavyoandika wateja: nani kachukua nini, lini. Mfano safi ni Jörmungandr, yule nyoka mkubwa wa ziwani katika God of War ya 2018. Mimir, mwenzao Kratos wa safari, anasimulia kwamba nyoka atapigana na Thor siku ya Ragnarök, vita ya mwisho ya miungu, kwa kishindo kitakachoupasua mti wa Yggdrasil na kumrusha nyoka nyuma ya wakati, kabla ya kuzaliwa kwake. Deni la kwanza. Nyoka anasema mwana wa Kratos, Atreus, anaonekana kama mtu anayemfahamu. Deni la pili. Mwishoni tunajua kwamba mama yake alimwita Atreus jina la Loki, na katika visasili vya Nordiki Loki ndiye baba wa nyoka huyo. La tatu.

Mwaka 2018 ungeweza kuliita pengo: nyoka yuko hapa vipi kama vita haijapiganwa? Ingekuwa haraka mno. Mwaka 2022 Atreus anaingiza roho ya jitu ndani ya nyoka, nyoka anakua, na katika vita ya Asgard Thor anampiga na kumtoa kwenye wakati. Madeni yote matatu yamefutwa. Kwa hiyo deni likiwa na dalili mbili au zaidi zinazoelekea upande mmoja, liache wazi hadi sehemu inayofuata itoke. Likiwa na dalili moja tu, na mfululizo umeisha, lihamishe kwenye mapengo.

Gemu hiyohiyo ya 2018 ina pengo halisi ambalo watu hulipita kwa sababu tukio lenyewe ni zuri. Atreus anaugua, Kratos lazima aende Helheim, nchi ya wafu yenye baridi kali, ambako shoka lake la barafu halifai, anafungua sakafu ya nyumba na kutoa mapanga yake ya minyororo, Blades of Chaos. Mwili unasisimka. Lakini rudi kwenye God of War ya kwanza, ya 2005: katika pambano la mwisho Ares alimnyang'anya mapanga hayohayo. Baadaye Kratos alitumia Blades of Athena, na katika God of War III (2010) Blades of Exile. Mapanga yaliyotoka Ugiriki naye yangepaswa kuwa hayo ya mwisho. Gemu ya 2018 haisemi yale ya kwanza yalirudije mkononi.

Linganisha na swali jingine: Kratos alifikaje kaskazini kutoka Ugiriki? Hilo halijaelezwa pia ndani ya gemu, ila halipingani na lolote. Mtu anaweza kusafiri. Mapanga yaliyonyang'anywa hayajirudishi bila neno. Swali la safari ni fumbo, la mapanga ni pengo.

Gemu ya dunia wazi ipime kinyumenyume

Hapa ndipo hifadhi ya pili inapofanya kazi. Kitabu kina ukurasa wa 1 na wa 2. Gemu ya dunia wazi haijui utaanzia wapi. Katika Tears of the Kingdom (2023) kuna mikoa minne ya kusaidia: Rito, Goron, Zora na Gerudo. Mipangilio ni 4×3×2×1, yaani 24. Ongeza kwamba mchezaji huenda ameshaona kumbukumbu za Zelda, binti mfalme aliyepotea, zilizo kwenye michoro ya ardhini au hajaziona, na mazungumzo yanapaswa kusimama katika hali 48. Hakuna studio inayorekodi hayo yote. Kila mkoa unaandikwa ujitegemee, na matokeo yake wahenga wa kale wanne wanakusimulia habari ya vita ileile, karibu kwa maneno yaleyale, mara nne.

Fanya hivi: hifadhi ya kwanza ifuate njia unayoelekezwa. Katika ya pili, kimbilia kumbukumbu zote kwanza, ujue kwamba Zelda alimeza jiwe la siri na kuwa joka, ndipo uende mikoani. Sasa sikiliza. Wenzake Link, shujaa unayemchezesha, wanaendelea kumtafuta Zelda, mwenyewe amesimama pembeni kimya, na wewe unamwona joka anapita angani juu ya vichwa vyao. Hilo ni pengo la mpangilio. Kwenye msimbo wa programu ni swichi moja ya ndiyo au hapana ambayo mazungumzo hayakuiangalia. Liandike pamoja na mpangilio ulioufuata, maana msomaji aliyecheza kwa njia nyingine hataliona na atakuita mwongo.

Gemu hiyo ina kesi nyingine ya kukufundisha upole wa kipimo. Tunaambiwa anayemeza jiwe hugeuka joka la milele na kupoteza nafsi yake. Mwishoni Zelda anarudi kuwa mtu, kwa msaada wa Rauru na Sonia, mfalme na malkia wa kale. Kanuni imevunjwa? Fungua daftari: nguvu ya kurudisha kitu nyuma ya wakati mchezaji alipewa mapema sana, na anaitumia mchezo mzima. Chombo kilikuwepo, kilichokosekana ni onyo hata moja kwamba chombo hicho kinaweza kufika kwa joka. Hilo naliita nusu pengo.

Halafu kuna kutoweka. Mashine za Sheikah, kabila la kale, zilizojaa katika Breath of the Wild (2017), pamoja na madhabahu 120 na wanyama wanne wakubwa wa chuma, karibu hazipo tena, na hakuna anayeonekana kujali. Kosa hapo ni ukimya wa wahusika. Mkulima mmoja angesema "yalitoweka usiku mmoja, hatujui", lingebaki fumbo. Watu wasiposhangaa kitu kinachostahili kushangaza, mchezaji huanza kuwashuku waandishi.

Vitabu vya pembeni na vipande vilivyokatwa

Maelezo yaliyo nje ya gemu yape safu yake, usiyachanganye. Ocarina of Time, gemu nyingine ya Zelda, ilitoka 1998, na tawi la tatu la wakati katika mfululizo huo, lile ambalo shujaa anashindwa, lilitangazwa kwenye kitabu cha Hyrule Historia mwaka 2011. Kwa mchezaji wa 1998 halikuwepo. Kitabu hupunguza ukubwa wa pengo. Hakilizibi ndani ya gemu.

Lililokatwa hujulikana kwa jinsi lilivyokatika: njama inakolea, kisha kimya. Metal Gear Solid V: The Phantom Pain (2015) inamwacha mvulana Eli akiondoka na roboti la Sahelanthropus, na mwisho wake haumo. Sehemu iliyokuwa ifunge fundo hilo ilionekana bila kukamilika kwenye diski ya ziada ya toleo la wakusanyaji. Usilitafutie falsafa.

Na kuna kisichohusu hadithi kabisa: steringi anayelia baada ya kuua mtu mmoja, kisha dakika kumi mbele ameshaua arobaini. Huo ni ugomvi kati ya mchezo na simulizi, una jina lake tangu 2007, ludonarrative dissonance, na Uncharted 4 (2016) iliufanyia utani kwa kumpa kombe lenye jina hilo mchezaji anayeua maadui 1,000. Uweke mbali na mapengo.

Kama gemu ni yako

Kuziba pengo kwa maelezo marefu ndilo kosa la kawaida, kwa sababu kila sentensi mpya ni ahadi mpya. Anza kwa kufuta. Tafuta sentensi iliyoweka kanuni, uone kama hadithi inasimama bila hiyo. Mara nyingi inasimama. Ikiwa haiwezi kufutwa, mpe mhusika shaka: "wazee wanasema hakuna aliyerudi" inakuachia mlango ambao "hakuna anayerudi" umeufunga. La tatu ni mstari wa mpita njia au karatasi ya kuokotwa, maneno yasiyozidi 15, uwekwe kabla ya tukio, si baada yake. Baada ya tukio husikika kama kisingizio. Kubadilisha mpangilio wa misheni kuwe la mwisho, kwa kuwa kutagusa swichi nyingine zote na itabidi upime upya kutoka mwanzo.

Usifungue asili ya jini lako eti kwa sababu wapimaji watatu wameuliza. Waulize wao swali hili: kuna lililofanyika ambalo mlidhani haliwezekani? Jibu likiwa hapana, wameonja fumbo na wanataka zaidi.

Ukimaliza, kila pengo lipe uzito. 1: halibadilishi uamuzi wa mhusika yeyote. 2: limefanya tukio moja liwezekane. 3: bila hilo hadithi isingefika mwisho. Mstari mmoja kamili wa daftari husomeka hivi:

Kilichosemwa: Ares amemnyang'anya Kratos Blades of Chaos. Nani kasema: hakuna, tumeona wenyewe. Wapi: pambano la mwisho, God of War, 2005. Hatima: yako chini ya sakafu, 2018, bila neno ndani ya gemu. Hukumu: pengo, uzito 2, kwa kuwa safari ya Helheim inayategemea.