Somo: Kulipwa kazi ya mawasiliano ukiwa bado chuoni, kwa sisi wa Malindi

Assalam aleikum wanachama. Niko mwaka wa nne, nasomea mawasiliano, na tangu mwaka wa pili bando na nauli ya matatu sijamwomba mama. Kazi yenyewe ni kuandika na kupigia picha kurasa za mtandaoni za hoteli, nyumba za wageni na boti za watalii. Njia niliyopita ni hii.

Hatua ya 1. Tafuta kazi Februari au Machi, si likizoni. Hapa ndipo wengi hukwama. Likizo yetu ndefu huanza karibu na Mei, na Mei ni masika: hoteli kadhaa zimefunga, Mto Sabaki umeshusha tope baharini, nahodha wa boti ya sakafu ya kioo amekaa chini ya mwarobaini. Ukibisha hodi wakati huo utaambiwa rudi Julai. Lakini mkishaafikiana Machi, unapiga picha jua likiwaka, halafu Mei, wao wakibadilisha makuti, wewe unatengeneza ukurasa wao. Mwenye hoteli ana nafasi ya kukusikiliza, na Julai wageni wanakuta kila kitu tayari.

Hatua ya 2. Usiombe nafasi, uza kazi moja. "Ukurasa wako una bei za mwaka juzi. Nitakuandikia upya na picha kumi, siku nne." Basi. Ukijua Kiitaliano kidogo, kitaje. Vijana wa ufukweni wametupita mbali hapo.

Hatua ya 3. Chukua arubuni, nusu. Kazi yangu ya kwanza nililipwa sahani ya wali wa nazi na samaki wa kupaka. Alikuwa mtamu, sikatai, lakini nilifanya kazi siku sita.

Hatua ya 4. Uwe na PIN ya KRA (mamlaka ya kodi) na ankara yenye tarehe.

Hatua ya 5. Weka ushahidi: ukurasa ulivyokuwa, ulivyo sasa, na ujumbe wa mteja. Ukienda kuhojiwa, huo ndio utakaokutetea.

MASWALI

Swali: Kaka, sina kamera.
Jibu: Simu yatosha. Futa kioo cha kamera yake kwa ncha ya kanga, piga saa kumi na mbili unusu asubuhi. Saa sita mchana hata kamera ya laki mbili hutoa sura nyeusi.

Swali: Watoto wanaoogelea, naweza kuwaweka kwenye tangazo?
Jibu: Bila idhini ya mzazi, hapana. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema hivyo, na hata isingesema, ungemtazamaje mamake sokoni?

Swali: Chuo kitaihesabu kama atachimenti (mafunzo ya kazini)?
Jibu: Muulize mratibu wenu kabla hujaanza. Kwetu walitaka msimamizi wa kutia saini daftari kila wiki. Nahodha wangu alitia, ila kwa herufi za Kiarabu, na mwalimu akanipigia simu.

Swali: Dada yenu niko Lamu. Hoteli kubwa huku za kuhesabu.
Jibu: Una bahati, dada. Nyumba za wageni za Shela na mji wa kale wa Lamu nyingi zaendeshwa na mtu mmoja asiye na wakati wa kujibu ujumbe. Wafuate kabla ya tamasha la utamaduni la Novemba. Kujibu ujumbe wa wageni nako ni kazi. Itoze kwa mwezi.

Swali: Na akikataa arubuni?
Jibu: Mpe salamu, uende nyumba ya pili.